Feni ya Mvuke Ilipopandishwa Relini

Mlio wa gari moshi la zamani haukuhitaji mwalimu. Watoto waliocheza treni kwa kushikana mashati, mmoja nyuma ya mwenzake, waliujua wote: chu... chu... chu, kisha chuku-chuku-chuku mpaka pumzi ziwaishie. Wa mbele ndiye injini, na kazi ya kupiga mlio ilikuwa yake. Sasa, msikilizaji, mwaka 1935 kilianza kazi nchini Uingereza kichwa cha treni ambacho mtoto yule asingeweza kukiigiza. Kilikuwa cha mvuke, kikila makaa ya mawe na kunywa maji kama ndugu zake, lakini kiliondoka stesheni ya Euston, London, bila kukohoa hata mara moja. Mvuke uliokwisha kutumika ulitoka kwenye dohani mfululizo, fuuuu, kama mtu anayepuliza chai ya moto na haishiwi pumzi.

Namba yake ilikuwa 6202. Watu wa reli walikiita Turbomotive, kwa sababu mahali pa silinda na pistoni kilikuwa kimefungwa tabaini, ile feni ya chuma yenye mapanga mengi inayozungushwa na mvuke. Wahandisi wa Ulaya na Marekani waliihangaikia feni hiyo kwa takriban nusu karne. Walitumia fedha nyingi, akili nyingi na chuma kingi, na vichwa walivyopata kwa jasho hilo vinahesabika kwa urahisi.

Hiyo chu, kwanza, inatoka wapi? Ndani ya silinda mvuke unaisukuma pistoni mpaka mwisho. Vali inafunguka, na mvuke uliomaliza kazi unafyatuka kwenda kwenye dohani. Hiyo ni chu ya kwanza. Mvuke mwingine unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na hiyo ni chu ya pili. Kichwa chenye silinda mbili hutoa chu nne kila gurudumu linapozunguka mara moja, na dereva mzoefu aliweza kujua kwa sikio tu kama vali zake zimekaa sawa. Tena milio ile haikuwa kelele za bure. Kila mpumuo ulioruka juu uliivuta hewa ipite kwenye makaa, kwa hiyo kadiri injini ilivyojikaza ndivyo moto wake ulivyozidi kuwaka wenyewe.

Ubaya uko kwenye kwenda na kurudi. Pistoni, fimbo yake na mkono mrefu wa chuma unaoshika gurudumu, vyote vinakimbia mbele, vinasimama, vinarudi nyuma, vinasimama tena. Kwa gurudumu lenye kipenyo cha karibu mita mbili, treni ikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, safari hiyo ya kwenda na kurudi inafanyika zaidi ya mara nne kila sekunde. Ili chuma chote hicho kisikitikise kichwa mpaka kikavunjika, mafundi huweka vipande vya uzito kwenye magurudumu vya kukisawazisha. Lakini uzito nao, kila unaposhuka, unaipiga reli kama nyundo. Anayelipia nyundo hiyo ni mwenye njia na mwenye madaraja.

Basi ukimwonyesha mhandisi mambo haya, swali lake la kwanza ni moja: kama shida ni kuzungusha gurudumu, kwa nini nguvu ianze kwa kwenda mbele na kurudi nyuma? Kwa nini isizunguke tangu mwanzo?

Jibu lilikuwepo tayari, na lilikuwa baharini. Mwaka 1884 Charles Parsons alitengeneza Uingereza tabaini yake ya kwanza, mashine ndogo ambayo shafti yake ilizunguka mara 18,000 kwa dakika. Mwaka 1897 alikwenda kuwatangazia wakubwa kwa vitendo. Meli za kivita zilikuwa zimepangwa Spithead kwa gwaride la jubilei ya Malkia Victoria, na Parsons akapenya katikati yake, bila kualikwa, na boti yake nyembamba iitwayo Turbinia. Ilikimbia maili za baharini 34 kwa saa na boti za doria hazikuiweza. Miaka kumi baadaye manowari Dreadnought na meli ya abiria Mauretania zote zilikuwa zikisukumwa na tabaini. Ikiwa inaisukuma Mauretania kuvuka Atlantiki, itashindwaje na mabehewa kumi na mawili?

Utendaji wake ni rahisi kuueleza kuliko kuutengeneza. Mvuke ndani ya boila umebanwa. Ukiupitisha kwenye tundu jembamba, nozeli, unaacha presha yake na kuchukua mbio, unatoka kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Mbele yake kuna gurudumu lililojaa mapanga yaliyopinda kama viganja vinavyokinga maji. Mvuke unageuka ndani ya panga, na panga linasukumwa. Ukitoka hapo bado una nguvu, basi unapokelewa na safu ya mapanga yasiyozunguka, yaliyofungwa kwenye ganda, ambayo kazi yake ni kuuelekeza upya ulipige gurudumu la pili. Kisha la tatu, la nne, na kuendelea. Kila gurudumu linachukua kidogo. Na kwa kuwa mvuke unatanuka kadiri presha inavyoshuka, mapanga ya mwisho ni marefu kuliko ya kwanza.

Hapa ndipo penye siri ambayo baadaye iliwatesa watu wa reli. Panga la tabaini halitaki kusukumwa likiwa limesimama. Linavuna nguvu vizuri likiwa lenyewe linakimbia, karibu nusu ya mwendo wa mvuke unaolipiga. Likisimama, mvuke unalikandamiza kwa nguvu kubwa kweli, lakini unaponyoka upande wa pili ukiwa na mbio zilezile ulizokuja nazo. Makaa yamechomwa, maji yamechemka, kazi haikufanyika. Meli haijali jambo hilo: inatoka bandarini, inashika mwendo, na kwa siku tano tabaini haibadilishi hata sauti.

Treni sivyo ilivyo. Treni inasimama, inaondoka, inangoja signali, inapanda mlima kwa mwendo wa kobe, inashuka, inarudi nyuma kuunga mabehewa. Maisha yake yote ni kuanza upya.

Kuna pia suala la bahari yenyewe. Tabaini ya meli au ya kituo cha umeme hupata sehemu kubwa ya ubora wake mwishoni, kwa sababu mvuke uliotumika hupozwa na maji baridi ukarudi kuwa maji. Unapojikunja hivyo unaacha nafasi tupu nyuma yake, na nafasi hiyo inauvuta mvuke unaofuata upite kwa nguvu zaidi. Mwenye meli ana bahari nzima ya kupozea. Mwenye treni ana upepo tu. Msweden Fredrik Ljungström alijaribu kuutumia: mwaka 1921 alitoa kichwa ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa kipoza mvuke chenye feni, kinachosafiri na treni yake. Kilibana matumizi, na Argentina iliagiza cha aina hiyo kwa reli yake ya upana wa mita moja katika nchi kame, ambako tone la maji lina thamani kuliko kipande cha kaa. Lakini kilikuwa mzigo wa mabomba, na kila bomba ni mahali pa kuvuja.

Ljungström, kwa sifa yake, hakung'ang'ania. Alikitupa kipoza mvuke na kutengeneza kitu rahisi: boila la kawaida, tabaini moja mbele, gia, na mikono ya chuma ya kuunganisha magurudumu manane ya kuvuta. Mvuke uliotumika ukaachwa uende zake kupitia dohani. Vichwa vitatu vya aina hiyo vilitengenezwa na kiwanda cha Nydqvist & Holm miaka ya 1930, vikapewa kazi ya kuvuta mawe yenye madini ya chuma kutoka migodi ya Grängesberg hadi bandari ya Oxelösund. Hiyo ni kazi inayokaribia ya meli: mzigo mzito, uleule kila siku, mwendo wa taratibu usiobadilika. Vilifanya kazi mpaka miaka ya 1950, waya za umeme zilipoifikia njia ile, na Grängesberg wamehifadhi kumbukumbu ya vichwa hivyo kwa chuma chenyewe, si kwa picha.

Kichwa cha kwanza cha Grängesberg ndicho kilichomvuta William Stanier, mhandisi mkuu wa kampuni ya reli ya London Midland and Scottish. Alikwenda Sweden kukitazama pamoja na Henry Guy wa Metropolitan-Vickers, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza tabaini za vituo vya umeme. Waliporudi Uingereza waliichukua fremu ya kichwa kipya cha treni za haraka, cha familia ya vichwa iitwayo Princess Royal, wakakivua silinda kabla hakijazijua.

Ukisimama mbele ya 6202 ungegundua jambo la ajabu: hakikuwa sawa pande mbili. Ubavuni kushoto kulikuwa na sanduku refu la chuma lililofunika tabaini ya kwenda mbele. Kulia kulikuwa na sanduku dogo zaidi, nalo lilikuwa la tabaini ya pili, ya kurudi nyuma tu. Sababu ni kwamba mapanga yamepindwa kwa upande mmoja na hayajui kuzunguka upande mwingine. Pistoni hugeuzwa kwa kusogeza vali. Tabaini hugeuzwa kwa kununua tabaini nyingine. Na hiyo ya kurudi nyuma iliunganishwa kwa klachi ya meno ambayo ilibidi ishikwe treni ikiwa imesimama kabisa.

Dereva naye alikuta kibanda kigeni. Kwenye kichwa cha kawaida angeshika usukani wa mvuke na kupima kwa mkono. Hapa alikuwa na vali za nozeli sita. Alifungua moja, treni ikajivuta. Akafungua ya pili, ya tatu, na kupunguza kwa namna ileile, kama mtu anayewasha taa za ukumbi moja baada ya moja. Hakukuwa na mtikisiko wa pistoni. Magurudumu yaliushika mwendo kwa ulaini ambao abiria waliuhisi kwenye vikombe vyao.

Ulaini huo ulikuja na adha yake, na ni adha ambayo hakuna aliyeifikiria mezani. Ule mpumuo mkali wa pistoni ndio uliokuwa ukiurusha moshi juu, mbali na macho ya dereva. Mpumuo mpole wa tabaini uliuachia moshi ulale juu ya boila na kumziba dereva njia. Mwaka 1939 kichwa kikafungwa mabamba mawili makubwa kando ya dohani ili upepo uunyanyue moshi. Kosa zito zaidi halikuwa la kihandisi hata kidogo: 6202 kilikuwa peke yake. Ndugu zake wa pistoni wakiharibika, kipuri kipo stoo. Chenyewe kikiharibika, kipuri kinachongwa. Kwa hiyo kilikaa karakana majuma kwa majuma, si kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkubwa, bali kwa sababu dawa haikuwa dukani.

Hata hivyo kilikimbia kati ya London na Liverpool kwa miaka mingi, vita vikiwemo, mpaka tabaini yake ilipochoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Kuitengeneza upya ilikuwa ghali. Mwaka 1952 kikafungwa silinda za kawaida, kikapewa jina Princess Anne, kikaanza kupiga chuku kama wengine. Miezi michache tu baadaye, asubuhi ya tarehe 8 Oktoba, kilikuwa kinaivuta treni ya kwenda kaskazini iliyoingia kwenye mabaki ya ajali stesheni ya Harrow and Wealdstone. Watu 112 walikufa, na kichwa kile hakikutengenezwa tena. Tabaini haikuhusika kwa lolote, ilikwisha kuondolewa.

Wamarekani waliingia mchezoni kwa ukubwa wao. Mwaka 1944 reli ya Pennsylvania ilipokea S2, namba 6200, kazi ya viwanda vya Baldwin na Westinghouse, yenye nguvu za farasi 6,900. Ilikusudiwa kuwa nyepesi zaidi, lakini vita vilikuwa vimekikausha chuma maalumu sokoni, ikajengwa kwa chuma kizito na kuongezewa magurudumu ya kuubeba uzito huo. Gia zake zilipunguza mwendo mara 18 na nusu. Magurudumu yake ya kuvuta yalikuwa na kipenyo cha mita 1.73, basi hesabu mwenyewe. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 307 kwa dakika, na tabaini karibu 5,700. Hapo mambo ni mazuri, treni inateleza kama imepakwa mafuta. Sasa ishushe mpaka kilomita 15 kwa saa, ikitoka stesheni na mabehewa yamejaa: tabaini inazunguka kama mara 850, na mvuke unapita kati ya mapanga kama maji kwenye chekeche. Boila kubwa lile lilikuwa linanyonywa kuliko linavyoweza kuchemsha. Chini ya kilomita 50 kwa saa S2 ilikuwa mlafi wa kutisha. Iliegeshwa 1949 na kukatwakatwa 1952. Kampuni ya midoli ya Lionel, kwa upande wake, ilianza kuuza S2 ndogo ya kuchezea mwaka 1946, na ile ndogo imeishi kuliko ile ya kweli.

Kuna waliosema: tatizo ni gia, ziondoeni. Wacha tabaini izunguke kwa mwendo inaoupenda, izungushe jenereta, na umeme uende kwenye mota zilizofungwa magurudumuni. Gurudumu linaweza kutambaa huku tabaini ikiimba. Kwenye karatasi ni jibu safi kabisa. Reli ya Chesapeake and Ohio ilinunua vichwa vitatu vya namna hiyo mwaka 1947 na 1948, vyenye nguvu za farasi 6,000 kila kimoja, kwa ajili ya treni ya kifahari ya kati ya Washington na Cincinnati. Makaa yalikaa mbele kabisa puani, dereva nyuma yake, boila nyuma ya dereva. Vumbi la makaa na maji viliingia kwenye mota za umeme, na anayejua umeme hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Treni ya kifahari haikuwahi kuanza safari. Vichwa vikawa chuma chakavu mwaka 1950.

Wa mwisho kujaribu alikuwa na sababu ya moyoni. Norfolk and Western ilikuwa reli ya makaa ya mawe: iliyachoma, na iliishi kwa kuyasafirisha. Kuweka dizeli kwenye njia ile ilikuwa kama mwenye duka la mchele kula ugali mbele ya wateja. Mwaka 1954 ikaleta kichwa namba 2300, chenye nguvu za farasi 4,500 na urefu wa karibu mita 49 pamoja na behewa lake la maji. Walikipa jina la Jawn Henry, shujaa wa hadithi za Wamarekani weusi aliyeshindana kwa nyundo yake na mashine ya mvuke ya kutoboa miamba, akaishinda, kisha akafa palepale. Kulichagua jina hilo kulihitaji ujasiri, au usahaulifu. Kichwa kilivuta treni ndefu za makaa milimani na kutumia makaa machache kuliko vya pistoni. Lakini kilikuwa ghali, kilikuwa kimoja, na kilikuwa na magonjwa ya vyote viwili: ya boila na ya umeme. Mwisho wa 1957 kikazimwa.

Afrika haikukosa tabaini relini, ila ilizipa kazi ndogo. Katika nusu jangwa la Karoo, Afrika Kusini, vichwa 90 vya daraja la 25 vilivyoanza kufika mwaka 1953 viliendeshwa na pistoni, lakini mvuke uliotoka kwenye silinda uliingia kwanza kwenye tabaini iliyozungusha feni ya kuvutia moto, kisha ukaenda nyuma kuzungusha feni za kipoza mvuke, ukarudi kuwa maji. Matumizi ya maji yaliporomoka. Chuku ilipotea pale pia. Badala yake ulisikika mvumo, na feni ziliendelea kuvuma hata treni ikiwa imesimama. Katika vichwa vingi vya kawaida duniani kulikuwa na katabaini kadogo zaidi, kamekaa juu ya boila kama birika, kazi yake kuzalisha umeme wa taa kubwa ya mbele. Hako kalipenda kazi yake, maana mwendo wake haukubadilika.

Wazo la Jawn Henry, la tabaini kuzalisha umeme na mota kuvuta, halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kukipakia kituo cha umeme juu ya magurudumu, pamoja na boila lake, vumbi lake na majivu yake. Treni ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, inayoondoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu 2024 inaendeshwa kwa wazo hilohilo, isipokuwa kituo kimeachwa nyumbani na nguvu inafuata waya wa volti 25,000 uliotandazwa juu ya njia. Umeme wa gridi unachanganyika kutoka vyanzo vingi: tabaini tisa za maji za Bwawa la Julius Nyerere, tabaini za gesi za vituo vya Kinyerezi, na pale Kinyerezi II, hewa ya moto inayotoka kwenye tabaini za gesi haiachwi ipotee bali inachemsha maji, na mvuke wake unazungusha tabaini nyingine. Tabaini hiyo ya mvuke haihitaji mwenziwe wa kurudi nyuma wala klachi ya meno. Treni inaposimama Morogoro, milango ikafunguka na watu wakaanza kuteremsha mizigo yao, kule Kinyerezi inaendelea kuzunguka kwa mwendo uleule.